Ekseli ya Nyuma ya Motokaa ya Zamani

Huko Marekani hata leo wako watu wengi wazitunzao motokaa za Ford Model A za miaka 1928 hata 1931. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 40, na gia tatu za kwenda mbele. Baadhi ya wenyewe hutaka kutia injini mpya yenye nguvu mara tatu, pamoja na sanduku la gia la siku hizi. Kazi ya mbele ndiyo ionekanayo ngumu, lakini fundi mwenye akili hutazama nyuma kwanza.

Ukilala chini ya motokaa hii utaona bomba nene la chuma litokalo kwenye sanduku la gia mpaka ekseli ya nyuma. Ndani yake huzunguka shafti ipelekayo nguvu za injini. Asiyejua hudhani bomba hilo ni ala tu, kama ala ya kisu, la kuzuia matope. Sivyo hata kidogo.

Fikirini mtu apigaye upondo mtumbwini. Upondo husukuma chini, lakini mtumbwi wenyewe husukumwa na nyayo zake. Lau angesimama juu ya kitu kisichoshikamana na mtumbwi, angekwenda yeye na mtumbwi ukabaki. Vivyo hivyo magurudumu husukuma ardhi, na msukumo huo hauna budi kupata njia ya kulifikia gari. Katika Model A njia ni lile bomba: kichwa chake, kilicho mviringo kama mpira, husukuma sanduku la gia, nalo husukuma gari zima. Tena, magurudumu yakizungushwa mbele, ekseli hutaka kujisokota nyuma, bomba huizuia. Springi ya nyuma ni moja tu, iliyolazwa kutoka ubavu hata ubavu na kufungwa kwa pingu zinazocheza. Hiyo hubeba uzito, wala haiwezi kazi nyingine.

Sasa, sanduku jipya la gia halina mahali pa kupokea kichwa kile, na bomba hutolewa. Hapo ndipo penye hatari. Fundi akiunga shafti mpya na kuridhika, siku dereva atakapokanyaga mafuta kwa nguvu ekseli itajipindua, na shafti yaweza kukatika katikati ya mwendo. Akifunga breki, itapinduka upande wa pili.

Kampuni ya Ford yenyewe iliacha bomba katika magari yake madogo ya mwaka 1949, ikaweka springi mbili ndefu zilizolazwa kufuata urefu wa gari. Mafundi wengi hufuata njia hiyo. Jicho la mbele la springi hukazwa kwa bolti kwenye fremu, nalo hupokea msukumo. Jicho la nyuma huning'inia kwa pingu, kwa sababu springi hurefuka inapolemewa. Juu yake hukaa ekseli ya gari la baadaye, yenye breki za mafuta. Upana upimwe kabla ya kununua, na bolti za magurudumu pia: duara lake katika Model A ni inchi 5½, na ekseli nyingi za baadaye za Ford zina inchi 4½.

Shafti mpya ina viungo viwili vya msalaba. Kiungo cha namna hii kikipinda hakizungushi sawasawa. Huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Pembe za viungo viwili zikilingana, kosa la kwanza hufutwa na la pili. Zisipolingana, gari zima hutetemeka. Kwa hiyo vikalio vya springi visichomelewe kabla gari halijashushwa chini na uzito wake wote. Tena vichomelewe kidogo kidogo, upande huu kisha huu, maana moto mwingi huipinda ekseli.

Na ekseli ya kale isikatwe. Sisi twaona ni vema ipakwe grisi na kuwekwa ghalani pamoja na bomba lake, ili atakayelirithi gari aweze kuirudisha akipenda.