Safari ya Geneva: tazama kwanza tarehe ya mwaliko



Mara kwa mara makanisa yetu ya mashariki hupokea mialiko ya kutuma wajumbe Geneva, mji wa Uswisi. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lina makao yake huko tangu lilipoundwa mwaka 1948, na ofisi nyingi za Umoja wa Mataifa ziko huko pia. Barua ya mwaliko hueleza habari za viza, tiketi na malazi. Hali ya hewa haitajwi sana, kwa sababu anayeandika barua amezaliwa ndani yake, wala haoni kwamba kuna jambo la kueleza. Tumeona vema tuieleze hapa, kwa wajumbe wenyewe na kwa kamati zinazowatuma.

Majira manne

Sisi tunahesabu mvua na kiangazi. Joto la Bukavu mwezi wa kwanza halitofautiani sana na lile la mwezi wa saba, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, na mchana wetu unakaribia kulingana na usiku mwaka mzima. Geneva iko mbali kaskazini, kwenye nyuzi 46. Upande wa kaskazini wa dunia unapoinama mbali na jua, jua hupita chini chini, mchana unafupika na ardhi haipati joto. Miezi sita baadaye mambo yanageuka. Kwa hiyo mtu anayesema tu kwamba Geneva kuna baridi amesema nusu ya habari. Ni lazima aulizwe: mwezi gani?

Mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili

Haya ndiyo majira ya baridi. Mwezi wa kwanza, mchana joto hufika nyuzi 4 au 5 tu, na usiku hushuka kwenye sifuri au chini yake. Ndugu wa Butembo na Lubero watasema kwamba baridi wanaijua. Ni kweli, lakini baridi yao ni ya usiku na alfajiri, na jua la saa nne huiondoa. Baridi ya Geneva hukaa kutwa nzima.

Giza nalo hushangaza. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Tena kuna siku nyingi ambazo jua lenyewe halionekani, kwa sababu wingu zito la ukungu hulala juu ya ziwa Léman na mji. Wenyeji hupanda milimani kulitafuta jua juu ya wingu hilo. Mgeni aliye peke yake chumbani anaweza kuelemewa na huzuni bila kujua sababu. Tunamshauri atoke nje kila siku wakati wa mchana, hata kwa nusu saa, na asikose ibada ya Jumapili pamoja na wengine.

Theluji huanguka siku kadhaa, lakini mjini mara nyingi haikai sana. Kinachotesa zaidi ni upepo unaoitwa bise. Hutoka kaskazini-mashariki, ukiwa mkavu na baridi, ukipita kati ya milima ya Jura na Alpes. Njia hiyo inazidi kuwa nyembamba kuelekea Geneva, hivyo upepo hufika mjini ukiwa na nguvu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2005, huko Versoix karibu na Geneva, bise ilirusha maji ya ziwa mpaka barabara ya ufuoni. Maji yakaganda, na magari yaliyoegeshwa pale yakafunikwa na barafu nene. Siku ya bise, nyuzi 3 zinazosomwa kwenye kipimo mwili huzisikia kama chini ya sifuri.

Mwezi wa tatu hadi wa tano

Miti huchipua na siku zinarefuka, lakini hali hubadilika ghafla. Asubuhi unahitaji koti, mchana unalivua, jioni mvua inanyesha. Usidanganywe na jua la mwezi wa tatu unaloliona dirishani, maana linaweza kung'aa na nje kukawa na baridi kali.

Mwezi wa sita hadi wa nane

Mchana wa mwezi wa saba joto hufika nyuzi 26 au 27, sawa na kwetu. Lakini huja siku za joto kali zaidi: tarehe 7 mwezi wa saba mwaka 2015, Geneva ilifika nyuzi 39.7. Nyumba nyingi hazina mashine za kupoza hewa. Nywa maji, na funga madirisha mchana. Mwezi wa sita jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na mwanga hubaki hata baada ya hapo. Aliyezoea kulala giza linapoingia atajikuta anachelewa kulala na kuamka amechoka, basi na afuate saa, asifuate jua. Hata katika majira haya mvua hunyesha, mara nyingine ikiwa na radi.

Mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja

Mwezi wa tisa bado ni mzuri. Kuanzia wa kumi majani huanguka, ukungu huanza, na mwezi wa kumi na moja una mvua baridi.

Saa nazo hubadilika

Kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, saa za Geneva ni sawa na zetu za Goma na Bukavu. Miezi mingine wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa husogezwa usiku wa kuamkia Jumapili. Mjumbe aliyeombwa kuhubiri siku hiyo ya mwezi wa tatu, asiposogeza saa yake mbele, atafika ibada imekwisha au iko karibu kwisha.

Mavazi

Nguo kadhaa nyepesi zikivaliwa moja juu ya nyingine zinafaa kuliko moja nzito, kwa sababu ndani ya nyumba hupashwa joto, na mtu aliyevaa sweta nene bila shati chini yake atatoka jasho mkutanoni. Juu yake liwepo koti linalozuia upepo. Kofia, skafu, glavu na viatu vilivyofunga visivyopitisha maji vinatosheleza. Usilifungie koti katika sanduku kubwa. Wengi wetu tunaanzia safari Kigali, Bujumbura au Entebbe penye joto, na sanduku likichelewa njiani utashuka Geneva na shati tu.

Aliyekosa koti anaweza kulipata huko kwa bei nafuu. Kuna maduka ya mitumba ya mashirika ya misaada. Centre Social Protestant, kwa mfano, lina maduka ya namna hiyo. Mwambie mwenyeji wako mapema. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, tena amjie kabla ya majira ya baridi. Hakuona haya kuomba nguo, nasi tusione haya.

Homa wakati wa baridi

Neno hili tunaomba lisomwe kwa uangalifu. Miezi ya baridi ni miezi ya mafua huko. Mjumbe wetu akipata homa, yeye na wenyeji wake watadhani ni baridi tu, watampa chai na dawa ya kichwa. Lakini malaria inaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baada ya mtu kuondoka nyumbani, na ikicheleweshwa inaua. Daktari wa Ulaya haioni kila siku. Kwa hiyo mgonjwa aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa: nimetoka Congo, naomba nipimwe malaria leo. Kwa hali mbaya, namba ya dharura ya Uswisi ni 144.

Kwa kamati zinazotuma

Sadaka ya waumini hulipa pasipoti na njia, na mara nyingi koti halimo katika hesabu. Kisha mjumbe hukaa kikaoni akitetemeka, au hubaki kitandani siku ile ambayo habari za wakimbizi na wajane wetu zilipaswa kusemwa. Tunaomba kila kamati inayopokea mwaliko isome tarehe kwanza, iandike koti na viatu ndani ya bajeti, na yule atakayerudi aliache koti hilo kanisani kwa ajili ya mjumbe atakayefuata.