Ufizi wa Mtoto Mchanga Usichimbwe

Wasomaji wetu wapenzi wa Kibondo na Kasulu, mwezi huu twataka kunena nanyi habari za meno, nasi twaanza mahali ambapo wengi hawaanzi, yaani katika kinywa cha mtoto asiyeota hata jino moja.

Mtoto wa miezi mitano au sita hushikwa na homa. Huharisha, hutapika, hukataa kunyonya. Mama amfunguapo kinywa, huona katika ufizi vivimbe vyeupe, kimoja upande huu na kimoja upande wa pili. Ndipo jirani husema, "Haya ni meno ya plastiki, yasipong'olewa leo, mtoto atakufa." Wengine huyaita meno ya nailoni, na Uganda huitwa ebiino. Basi huitwa fundi, naye huuchimba ufizi kwa kisu au kwa waya wa gurudumu la baiskeli, hutoa kitu kidogo laini, huwaonyesha wazazi. Nao husadiki, kwa maana wamekiona kwa macho yao.

Kitu kile ni jino la chonge la utotoni ambalo bado ni changa, halijapata ugumu wake. Kila jino huanza hivyo. Lingaliachwa, lingalitokea lenyewe mtoto akipata mwaka mmoja na nusu hivi. Mama mwenye shaka na atazame kinywa cha mtoto mzima wa umri uo huo. Mara nyingi ataona vivimbe vile vile.

Mbona basi wengine hupona baada ya kuchimbwa? Swali hili ni la haki. Kuharisha kwa watoto mara nyingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, fundi awepo asiwepo. Tena aliyepona hutajwa kijiji kizima, bali aliyezikwa husemwa kwamba alicheleweshwa.

Lakini hasara yake ni kubwa. Mtoto aliyekwisha kudhoofika hupotewa na damu. Chombo kichafu huweza kumtia pepopunda, na kisu kilichotumiwa kwa watoto wengi huweza kupitisha virusi vya UKIMWI. Hata akipona, chini ya jino lile la utotoni imelala mbegu ya jino la ukubwani, nayo huumizwa pamoja. Mwaka 1991 watafiti waliandika habari za watoto wa Tanzania walioharibika meno kwa sababu ya kazi hii.

Ugonjwa wenyewe watoka wapi? Umri ule mtoto huanza kupewa uji na maji, hutambaa, na kila akiokotacho hukitia kinywani. Na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake imepungua. Homa nayo yaweza kuwa malaria. Basi apelekwe zahanati siku ile ile, apimwe damu. Anyonyeshwe bila kukoma, anyweshwe maji ya chumvi za pakiti kidogo kidogo, na apewe vidonge vya zinki siku 10 hadi 14 kwa kipimo cha mganga. Macho yakididimia, au asipoweza kunywa, msingoje asubuhi.

Twajua ya kuwa mama kijana hawezi kumkatalia mama mkwe wake kwa maneno matupu. Neno hili ni la baba kulisema, naye alinene mapema, wakati mtoto yu mzima. Usiku wa homa hakuna asikiaye. Na kama mtoto amekwisha kuchimbwa, msimfiche mganga kwa kuona haya. Mwambieni, apate kulitazama jeraha.

Jino likiisha kutokea, lisafishwe asubuhi na usiku kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele. Mtoto asilale na chai ya sukari kinywani, wala asitafune muwa mchana kutwa, kwa kuwa vijidudu hugeuza sukari kuwa uchachu unaokula jino.

Walimu nao wajue kwamba mtoto wa miaka sita huota gego nyuma ya meno yote ya utotoni. Wazazi wengi hudhani litang'oka. Halina badala yake. Na ufizi utokao damu usiachwe bila kusuguliwa. Usuguliwe kwa upole kila siku, na damu isipokoma baada ya majuma mawili, mtu aende kwa tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya.