Mvinyo wa Ujerumani: maneno ya kwenye chupa yana maana gani, na mkulima wa korosho anajifunza nini?

Msikilizaji wetu mmoja wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, alitutumia picha ya chupa kwa simu. Mgeni kutoka Ujerumani alimwachia zawadi ya mvinyo, na kwenye lebo kulikuwa na maneno manne yaliyomshinda: Mosel, Riesling, Spätlese na trocken. Swali lake lilikuwa fupi: "Hii ni daraja la kwanza au la pili?"

Tulilisoma swali hilo hewani, lakini muda wa kipindi haukutosha kulijibu, tukaahidi kuliandikia. Ahadi ni deni. Tunajua kuwa wengi wenu hamtumii kilevi, na makala haya hayamshawishi mtu kunywa. Ila suala la daraja linamgusa kila aliyewahi kupeleka gunia la korosho ghalani na kuambiwa, "Hili ni daraja la pili." Daraja linatoka wapi? Nani analipima? Wajerumani wameliandikia sheria ndefu, na ndani yake kuna mambo yanayotufaa hata sisi wa huku kusini.

Maswali matatu ya lebo

Chupa ya mvinyo wa Ujerumani hujibu maswali matatu: zabibu zimetoka wapi, ni za aina gani, na ni za daraja gani. Ukishajua hayo, maneno mengine hayakusumbui.

Tuanze na mahali. Ujerumani ina maeneo 13 yanayotambuliwa kisheria kwa mvinyo bora. Kubwa kuliko yote ni Rheinhessen, likifuatiwa na Pfalz. Mosel, lililoandikwa kwenye chupa ya msikilizaji wetu, ni eneo la mto wenye jina hilohilo, lenye mashamba kwenye miteremko mikali sana. Mkulima wa huko hupanda mlima na kikapu mgongoni, kwani sehemu nyingine trekta haiwezi kupita. Neno Mosel likiandikwa kwenye chupa ya mvinyo bora, zabibu zote lazima ziwe zimetoka Mosel. Kuchanganya na za eneo jingine hairuhusiwi.

La pili ni aina ya zabibu. Kama vile mahindi yana mbegu tofauti, zabibu nazo zina aina zake. Riesling, inayotamkwa "risling", ni zabibu nyeupe, na ndiyo inayolimwa zaidi Ujerumani. Nyingine nyeupe ni Müller-Thurgau na Silvaner. Kwa mvinyo mwekundu, maarufu zaidi ni Spätburgunder, ambayo Wafaransa huiita Pinot Noir. Aina moja ikiandikwa kwenye lebo, angalau asilimia 85 ya mvinyo ulio ndani lazima iwe ya zabibu hiyo.

La tatu ni daraja, na hapa ndipo wengi hupotea.

Ngazi za daraja

Chini kabisa kuna mvinyo unaoandikwa Deutscher Wein, maana yake mvinyo wa Ujerumani tu, bila kutaja eneo maalumu. Juu yake kuna Landwein, yaani mvinyo wa mkoa fulani. Kisha kuna Qualitätswein, mvinyo bora kutoka katika mojawapo ya maeneo 13. Juu kabisa kuna Prädikatswein, mvinyo bora wenye sifa ya nyongeza. Kwenye Qualitätswein mtengenezaji anaruhusiwa kuongeza sukari kwenye juisi kabla haijachacha, ili kupata kilevi zaidi. Kwenye Prädikatswein hairuhusiwi. Sukari yote lazima iwe imetoka kwenye tunda lenyewe.

Hiyo ngazi ya juu nayo ina vidato sita:

- Kabinett: zabibu zilizoiva, mvinyo mwepesi.
- Spätlese: zabibu zilizochelewa kuvunwa ili ziive zaidi.
- Auslese: vishada vilivyoiva sana, vilivyochaguliwa.
- Beerenauslese: punje zilizoiva kupita kiasi, zilizochaguliwa mojamoja.
- Eiswein: zabibu zilizovunwa zikiwa zimeganda kwa baridi mtini, nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi ya hapo.
- Trockenbeerenauslese: punje zilizonyauka mtini mpaka zikafanana na zabibu kavu. Hizi hupatikana kidogo sana, na bei yake ni kubwa.

Vidato hivi hupimwa kwa sukari iliyomo kwenye juisi ya zabibu siku ya kuvuna. Kipimo kinaitwa Oechsle, kwa jina la Ferdinand Oechsle, fundi dhahabu wa karne ya 19 kutoka mji wa Pforzheim. Kanuni yake ni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000. Juisi yenye sukari ni nzito zaidi. Lita ya juisi ikiwa na gramu 1,080, juisi hiyo ina nyuzi 80 za Oechsle. Kadiri tunda linavyoiva ndivyo juisi inavyokuwa nzito.

Kwa nini wakachagua sukari? Kwa sababu nchi yao ni ya baridi. Jua ni la kubembeleza, na zamani kulikuwa na miaka ambayo zabibu hazikuiva vizuri kabisa. Aliyepata tunda lililoiva sawasawa alikuwa na kitu ambacho jirani yake hakuwa nacho. Sheria yao ya mwaka 1971 ikajengwa juu ya msingi huo. Siku hizi hali ya hewa imekuwa ya joto zaidi na kuivisha zabibu si shida kama zamani. Ndiyo maana sheria ilirekebishwa mwaka 2021 na kutilia mkazo mahali: shamba likitajwa kwa usahihi zaidi, masharti yake nayo yanakuwa makali zaidi.

Mtego wa utamu

Msikilizaji akisikia kwamba daraja ni sukari, atadhani Spätlese lazima iwe tamu. Sivyo. Hamira hula sukari na kuigeuza kilevi. Mtengenezaji akiiacha hamira imalize karibu sukari yote, mvinyo unakuwa mkavu, yaani hauna utamu. Akiisimamisha katikati, utamu unabaki.

Kwa hiyo kuna maneno mengine ya kusoma. Trocken maana yake mkavu: sukari iliyobaki haizidi gramu 9 kwa lita. Halbtrocken ni nusu mkavu. Lieblich ni mtamu kiasi, na süß ni mtamu kabisa. Lakini angalia, neno trocken lililomo ndani ya Trockenbeerenauslese linahusu punje zilizokauka, si ladha. Mvinyo huo ni mtamu karibu kama asali.

Sasa tunaweza kumjibu ndugu yetu wa Mbekenyera. Chupa yake inasema hivi: zabibu za Riesling, zilizolimwa Mosel, zikachelewa kuvunwa mpaka zikaiva sana, kisha mvinyo ukachachushwa mpaka utamu ukaisha. Ni mvinyo wa ngazi ya juu, kidato cha pili kutoka chini. Akiufungua akitegemea utamu wa soda, atadhani umeharibika, kumbe uko sawa.

Kuna jambo jingine dogo kwenye lebo: herufi A.P.Nr. zikifuatiwa na tarakimu. Hiyo ni namba ya ukaguzi wa serikali. Kila Qualitätswein na kila Prädikatswein hupimwa maabara na kuonjwa na wakaguzi kabla ya kupewa namba hiyo. Mvinyo ukileta matatizo, namba hiyo inaonyesha ulitengenezwa na nani na ulipimwa mwaka gani.

Na zabibu zetu je?

Tanzania nayo ina eneo lake la zabibu, nalo ni Dodoma. Wamisionari Wakatoliki walizipanda huko kwa ajili ya divai ya misa, na Bihawana ni moja ya sehemu zinazojulikana kwa historia hiyo. Leo kuna kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, chini ya TARI, na viwanda vya mvinyo kama kile cha CETAWICO kilichopo Hombolo. Zabibu nyeupe inayotajwa sana ni Chenin Blanc. Kwa nyekundu kuna Syrah na ile iitwayo Makutupora, iliyochukua jina la mahali.

Mzabibu wa Ujerumani huvunwa mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma huvunwa mara mbili, kwa sababu jua lipo. Kwa hiyo sukari haimnyimi usingizi mkulima wa Dodoma kama soko linavyomnyima. Zabibu ikishaiva haisubiri, na kiwanda kikichelewa siku chache, mzigo unaharibika. Serikali nayo imetumia asili ya tunda kama kipimo: kwenye ushuru wa bidhaa, mvinyo wa ndani ambao zabibu zake zimetoka hapa nchini kwa zaidi ya asilimia 75 umewekewa kiwango cha chini kuliko mvinyo wa nje. Kwa hiyo neno "Dodoma" kwenye chupa si pambo. Lina fedha ndani yake.

Turudi kwenye korosho

Huku Ruangwa na Nachingwea, korosho ghafi huuzwa kwa madaraja mawili kupitia stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na minada ya wilaya zetu husimamiwa na chama kikuu cha RUNALI. Wanaopima huangalia unyevu, uchafu na ukubwa wa korosho, kisha hukata baadhi yake kuona viini vilivyo vizima na vilivyooza au kusinyaa.

Linganisha na Wajerumani. Hakuna anayeonja korosho iliyokaangwa ndipo atoe daraja, kama ambavyo kidato cha Spätlese hakingoji mvinyo uingie kwenye chupa. Daraja linaanzia shambani. Linaanza siku unapookota na kutenganisha korosho na bibo, badala ya kuziacha chini zinyeshewe. Linaendelea unapozianika vizuri juani na kuacha kuchanganya mpya na za msimu uliopita. Zikifika ghalani, kazi iliyobaki ni kusoma kile ambacho mkono wako umeshakiandika.

Lakini kipimo ni cha haki pale tu kinapoonekana. Mjerumani anaandikiwa namba kwenye chupa. Wewe una stakabadhi. Isome kabla hujaondoka: uzito ni sahihi? Daraja limeandikwa? Ukiambiwa ni la pili, uliza kwa upole ni kipimo gani kimelishusha, unyevu au viini, na uombe korosho zikatwe mbele yako. Kuuliza si ugomvi. Ukijua kilichokuangusha mwaka huu, mwakani utakirekebisha.

Na mabibo yanayooza?

Wapo waliotuuliza: kama Wajerumani wanapata fedha kwenye zabibu, mabibo yetu je? Kila msimu yanarundikana chini ya mikorosho. Sehemu yake huwa uraka, sehemu huishia kwenye gongo, ambayo ni marufuku na imeshaua watu, na mengi huoza tu.

Wenzetu wa Goa, nchini India, wana pombe ya mabibo iitwayo feni, na kinywaji kingine chepesi zaidi wanakiita urrak, jina linalokaribiana sana na uraka wetu. Mwaka 2009 jina la feni ya mabibo lilisajiliwa kisheria kuwa mali ya Goa. Hawakuishia kwenye kukamua. Waliandika feni ni nini na inatoka wapi.

Huku kwetu, TARI Naliendele ya Mtwara imekuwa ikifundisha kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo. Kikundi kinachotaka kuuza kinahitaji alama ya ubora ya TBS, na mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO hupata nafuu ya ada kwa miaka ya mwanzo. Na jina la tunda liandikwe wazi. Kwa sheria za Ulaya, neno mvinyo likisimama peke yake ni la zabibu, na tunda jingine lazima litajwe. Nasi tuandike "mvinyo wa mabibo" au "juisi ya mabibo", kisha tuongeze ya Mbekenyera au ya Nachingwea. Mnunuzi ajue kilichomo na kilipotoka.

Kama unayo lebo, stakabadhi au karatasi ya pembejeo yenye maneno usiyoyaelewa, ipige picha ututumie kama alivyofanya mwenzako. Tutaisoma pamoja hewani.