Je, Wajua? Akina Tomaso Nyuma ya Filamu za Imani

Kuanzia Hima, mji wa kiwanda cha saruji kwenye barabara ya Fort Portal na Kasese, hadi Bwera mpakani na Kongo, wengi wameonja filamu za Kikristo kanisani au kibandani. Mtazamaji hudhani zimetoka moja kwa moja kwa wachungaji. Ukichimba historia yake, unakutana na wageni wa imani hiyo na akina Tomaso, watu waliotaka ushahidi kwanza.

Je, wajua kwamba filamu ya Yesu iliongozwa na fundi wa sinema za kutisha? Peter Sykes, Mwaustralia aliyeongoza *Jesus* (1979) pamoja na John Krish, alikuwa ametoa *To the Devil a Daughter*, filamu ya waabudu shetani, mwaka 1976. Mtayarishaji wake, John Heyman, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani. Mwanawe David ndiye aliyetayarisha filamu za Harry Potter. *Jesus* inafuata Injili ya Luka na imetiwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili na Kiganda zikiwemo. Kazi hiyo ina udhia wake: sentensi sharti ianze mdomo wa mwigizaji unapofunguka na ikome unapofungwa, kwa hiyo mfasiri hupunguza neno hapa na kurefusha pale bila kuipotosha Injili.

Je, wajua kwamba wamisionari walileta sinema kwa lori miaka ya 1930? Kati ya 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Misioni lilisimamia mradi wa filamu uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika. Ulitengeneza filamu zaidi ya 30, na lori la maonyesho likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Nyingi hazikuhubiri dini: zilifundisha kilimo, afya na kuweka akiba.

Je, wajua kwamba Uganda filamu huwa na mhubiri wa pili? Huyo ni VJ, mtafsiri wa vibanda vya video. Hukaa na kipaza sauti, akafasiri maneno ya waigizaji kwa Kiganda na kuongeza maelezo na utani wake. Filamu moja mikononi mwa ma-VJ wawili hugeuka filamu mbili.

Je, wajua kwamba *The Case for Christ* ilizaliwa na ugomvi wa nyumbani? Lee Strobel, mhariri wa habari za sheria wa gazeti la Chicago Tribune, hakuamini kuwa kuna Mungu. Mkewe Leslie alipookoka, Strobel aliazimia kumthibitishia kwamba amedanganywa. Filamu hiyo ya 2017 inaonyesha chanzo: binti yao anapaliwa na pipi hotelini, na muuguzi aliyekuwapo anamwokoa. Strobel anaita bahati. Muuguzi anasema ni Yesu. Kwenye skrini safari ya Strobel inamalizika kwa saa 2 hivi. Maishani ilimchukua karibu miaka 2 ya kuhoji wataalamu, hadi Novemba 1981.

Je, wajua kwamba *Ben-Hur* ilitokana na mazungumzo ya garimoshi? Mwaka 1876 Jenerali Lew Wallace alisafiri na Robert Ingersoll, msemaji mashuhuri wa wasioamini dini. Hoja za Ingersoll zilimwaibisha, akagundua kwamba hata cha kukubali au kukataa hakijui. Akaanza kusoma, na kisa alichokuwa akiandika juu ya Mamajusi kikawa riwaya kamili mwaka 1880. Alisema aliamini kabla hajaimaliza. Filamu yake ya 1959 ilizoa tuzo 11 za Oscar.

Je, wajua kwamba Rwenzori ina kisa chake? Apolo Kivebulaya, Muganda, aliufuata Uislamu ujanani, akapigana vitani na kuvuta bangi kabla ya kubatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alitoka Toro akavuka bonde la Semliki kwenda kuhubiri Boga, iliyo Kongo leo. Huko alipigwa, na baadaye akafungwa minyororo Fort Portal kwa tuhuma za kifo cha mwanamke mmoja. Alipoachiliwa, alirudi kulekule. Alifariki 1933 na kuzikwa Boga. Mwandishi wa miswada wa Kasese anayetaka kisa cha mtu aliyeyumba kabla ya kuamini hana haja ya kukiazima Chicago.