Nyumba Zetu Kabla ya Mvua ya Kwanza



Katika nchi za kaskazini ya dunia, ifikapo Machi theluji huanza kuyeyuka, miti huvaa majani mapya, na watu husema kwamba majira ya machipuko yamewadia. Sisi tukaao Lundo, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, hatuijui theluji, lakini machipuko twayajua. Yetu huja mwezi wa Septemba na Oktoba, nchi ikiwa bado kavu kabisa. Ukitazama upande wa mashariki, kwenye vilima vipandavyo kwenda Mbinga, utaona miti ya miombo imetoa majani machanga, mengine mekundu kama shaba, hali halijaanguka hata tone moja la mvua. Miti hiyo haiingoji mvua. Huishi kwa akiba iliyomo ndani ya shina lake na kwa maji yaliyosalia chini ya ardhi.

Nyumba za wanadamu hazikujaliwa hivyo. Kwetu siku hizo ndizo siku ambazo ghala limekaribia sakafu, jua ni kali, na kazi ni nyingi kuliko wakati wowote wa mwaka. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana waliokwenda kuishi mijini, jinsi nyumba zetu zinavyopita katika miezi hiyo, na jambo moja lililotupata sisi wenyewe, likatufundisha yale ambayo tulidhani tunawafundisha wengine.

Lundo ni kijiji cha wavuvi na wakulima. Zamani tulihesabiwa katika wilaya ya Mbinga, na tangu mwaka 2012 tumo katika wilaya ya Nyasa, ambayo makao yake ni Mbamba Bay. Nyumba ya kwetu huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mama huchochea moto. Binti mkubwa hushika ndoo akateremka ziwani. Ikiwa ni siku za giza, baba huwa hajarudi, kwa maana usipa, yaani dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku kwa taa, na taa haiwavuti samaki vema mbalamwezi ikiwa juu. Kwa hiyo wavuvi nao huuhesabu mwezi kama tuuhesabuvyo sisi waalimu. Mwezi ukiwa mpevu, baba hulala nyumbani na watoto wake. Mwezi ukifichika, humwona asubuhi tu, macho mekundu, akivuta mtumbwi mchangani. Hapo wavulana humsaidia kuvuta, na wasichana hutandaza usipa juu ya mchanga wapate jua.

Jua likipanda, watu huenda shamba. Magugu ya mwaka uliopita hufyekwa, matuta hupigwa, na vipande vya shina la muhogo huwekwa kivulini vikingoja mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba. Wadogo hukaa mbugani kulinda mbuzi na kuwafukuza nyani, nao hurudi jioni na masuku mifukoni. Hapo kwetu sisi huwa ni wakati wa chuo, yaani baada ya sala ya alasiri, watoto wakikaa mkekani na juzuu zao.

Sasa, kazi iliyo kubwa kuliko zote katika siku hizo ni ya wanawake, nayo ni kazi ya muhogo. Muhogo wa ufuoni kwetu ulio mwingi ni muhogo mchungu. Wazee wetu hawakuuchagua kwa ujinga. Nyani na nguruwe mwitu hawaupendi, huvumilia ardhi ya mchanga, na hukaa ardhini mwaka na zaidi ukingoja mwenyewe. Lakini hauliwi hivi hivi. Humenywa, ukalowekwa majini siku tatu au nne hata ulainike, ukatolewa nyuzi, ukaanikwa, kisha ukatwangwa na kuchekechwa. Kazi hiyo yote hukimbizana na mawingu, kwa sababu mvua ikianza, jua la kuanikia huwa la kubahatisha. Kila mama hutaka kuwa na unga wa akiba kabla ya ngurumo ya kwanza.

Basi mwaka mmoja, katika mwezi wa Novemba, alikuwapo mwanafunzi wetu, binti wa miaka kumi na miwili hivi, msomaji mzuri. Siku tatu mfululizo alichelewa chuoni. Akija, mikono imepauka kwa maji ya muhogo, na kabla hajamaliza ukurasa amesinzia. Siku ya tatu tulimkemea mbele ya wenzake. Tulimwambia kwamba aiachaye Kurani kwa ajili ya mtungi, basi amekwisha chagua mtungi. Hakujibu neno. Siku ya nne hakuja.

Kwa kuwa tulijua baba yake yuko ziwani, hatukuona vema kwenda peke yetu. Tulifuatana na mama watoto wetu. Tulipobisha hodi, tulikaribishwa kwa heshima, lakini tukahisi kwamba tumeingia katikati ya mazungumzo mazito. Mama wa binti yule alikuwa amesimama karibu na mtungi, mihogo michache iko mkononi. Bibi wa nyumba, mama mkwe wake, ameketi juu ya kigoda, mkono wake juu ya kifuniko.

"Shikamoo, mama," tulimwamkia.

"Marahaba, Maalim. Karibuni. Mmetukuta tukizozana juu ya muhogo."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Unga ulikuwa umekwisha tangu jana. Mihogo ilikuwa imelala majini siku mbili tu. Mama aliona mawingu yakikusanyika juu ya ziwa, akataka kuitoa, aikate vipande vyembamba, ianikwe upesi, itwangwe kesho. Bibi akakataa.

Nasi, kwa pupa ya mtu asiyeijua kazi, tulisema, "Mama, je, siku mbili hazitoshi? Watoto wana njaa."

Bibi akatutazama. "Maalim, mtoto akiruka herufi ili amalize sura upesi, wewe humwambiaje?"

"Twamwambia arudie, mama. Huko si kusoma."

"Basi na huku si kupika. Bonyeza mwenyewe uone."

Tulibonyeza muhogo kwa kidole. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Akatueleza kwamba muhogo uliokwisha lala hubonyea wenyewe, na kwamba katika ujana wake alimwona mtoto aliyelala mzima, akaamka hawezi kusimama, na asisimame sawasawa tena maishani mwake. "Nyumba ile walikuwa wakiharakisha," alisema. Mkwewe akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, nayajua yote hayo. Lakini leo tutakula nini?"

Ndugu wasomaji, swali hilo lilitunyamazisha. Miaka mingi tumewahutubia watu juu ya subira, na hapo palikuwa na watu wawili ambao wote waijua subira kuliko sisi. Iliyopungua haikuwa elimu wala imani, bali chakula cha siku mbili. Waswahili wamesema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mama watoto wetu hakusema kitu. Aliondoka, akarudi na bakuli la unga wa mahindi na usipa wakavu. Muhogo ukaachwa majini siku zake zikatimia. Na binti yule, ambaye tulimkemea, ndiye aliyekuwa akiteka maji ya kubadilisha mtungini, safari baada ya safari, toka ziwani. Tulimwomba radhi mbele ya bibi yake, na kesho yake tukamwomba radhi mbele ya wenzake pia, kwa sababu mbele yao ndipo tulipomkosea.

Baadaye tulitafuta kuyajua zaidi maneno ya bibi, tukaona kwamba ni kweli tupu. Ugonjwa huo waitwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari mmoja, Trolli, aliuandika mwaka 1938. Hapa kwetu Tanzania ulizuka Tarime mwaka 1985 baada ya ukame, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana tena kusini, katika wilaya za Mtwara na Mbinga. Muhogo mchungu una kitu ambacho, usipotengenezwa vema, hugeuka sumu ya sianidi. Na mwaka wa ukame sumu hiyo huzidi. Mtu alaye muhogo huo siku kwa siku, bila samaki wala maharage ya kutosha, miguu yake yote miwili hukakamaa kwa ghafula. Hauambukizi, wala si uchawi wala laana ya mtu. Lakini miguu hairudi ilivyokuwa, na wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, yaani hao hao wanaofanya kazi ya muhogo.

Hebu tazameni jinsi mambo yanavyokutana katika miezi hiyo yetu. Jua kali limeuzidishia muhogo sumu; ghala tupu laharakisha mikono; na mbalamwezi ikiwa juu, samaki hupungua chunguni. Hatari yote hukusanyika wakati mmoja, na mlango wake ni haraka.

Zipo kinga. Ya kwanza ni ile ya bibi: loweka hata ulainike, usihesabu siku kwa njaa yako bali kwa kidole chako. Ya pili ni kitoweo. Usipa mchache, maharage au kunde huusaidia mwili kuivunja sumu, kwa hiyo si vema kuuza samaki wote wa mtumbwi na kuwaachia watoto ugali mtupu. Ya tatu wataalamu wameifundisha katika wilaya zilizopatwa, nayo hufanywa juu ya unga wenyewe. Tia unga mkavu katika bakuli, usawazishe bila kuushindilia, na utie alama ndani ya bakuli mahali ulipofikia. Kisha tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama. Endelea mpaka urudi pale pale. Uutandaze juu ya mkeka, unene wake usizidi sentimita 1, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu huondoka na hewa. Siku hiyo hiyo upikwe ugali. Hii isiwe sababu ya kuacha kuloweka. Ni kinga juu ya kinga.

Lakini kinga iliyo mbele ya zote ni ya jirani. Katika sura ya Yusuf twafundishwa habari ya mtu aliyewekewa amana ya chakula cha nchi nzima, akaweka akiba miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki. Mara nyingi twaisoma habari ile kama habari ya wafalme. Kumbe na kila nyumba ina miezi yake ya neema na miezi yake ya dhiki, wala hazipungukiwi siku moja nyumba zote. Yule ambaye mtumbwi wake umejaa leo, kesho atahitaji unga wa mwingine. Ukimwona mama anatoa muhogo mtungini kabla ya wakati wake, usimhutubie. Mpelekee bakuli, kisha muhogo utangoja wenyewe.

Enyi vijana mlioko Songea, Dar es Salaam na kwingineko, mnapopeleka chochote nyumbani, kumbukeni kwamba shilingi ya Oktoba ina uzito kuliko shilingi ya Julai. Nanyi akina baba, kubeba maji ya muhogo si aibu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani mwake kazi zao. Na sisi waalimu tusiutazame usingizi wa mtoto kabla hatujautazama mlango wa kwao.

Tangu mwaka ule, katika Oktoba na Novemba, chuo chetu hatukifungui tena alasiri. Watoto huja baina ya magharibi na isha, wakubwa wakiwasindikiza wadogo, na taa moja yatutosha. Usiku mmoja, katika wiki zile zile, mvua ya kwanza ilishuka juu ya bati hata sauti za wasomaji zisisikike. Binti yule alikuwa mkekani, juzuu imefunguka mbele yake, macho yake yako wazi. Nyumbani kwao unga ulikuwa umekwisha ingia ndani. Asubuhi yake mama yake alifika kwetu na bakuli letu, naye hakulileta tupu.

Mwenyezi Mungu atujalie mvua ya kheri, atulindie watoto wetu, na atufanye majirani wa kweli. Amin.