Kusikia Sauti na Kupoteza Neno: Usikivu wa Watu Wenye Maradhi ya Kurithi ya Neva

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, kitenzi sikia hubeba maana mbili: kupokea sauti kwa sikio na kufahamu kilichosemwa. Anayeulizwa "umesikia?" mara nyingi huulizwa pia iwapo ameelewa. Makala haya yanaeleza hali ambamo maana hizo mbili hutengana, na kuonyesha kwa nini utengano huo unapaswa kuzingatiwa katika sera za watu wenye ulemavu wa kusikia.

2.0 Chanzo cha Tatizo

Mfano mahususi ni ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, uliopewa majina ya madaktari wawili wa Ufaransa na mmoja wa Uingereza walioueleza mwaka 1886. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,500. Dalili zake zinazofahamika zaidi ni udhaifu wa misuli na ganzi, vinavyoanzia miguuni na baadaye kufika mikononi. Katika aina yake iliyoenea zaidi, jeni ya PMP22 hurudufiwa, na utando wa mayelini unaozingira neva huharibika.

Neva ya kusikia nayo ina utando huo. Kwa baadhi ya wagonjwa, sikio la ndani huendelea kupokea sauti vizuri, lakini ishara huufikia ubongo zikiwa zimechelewa na kupoteza mpangilio wake wa wakati. Mwaka 1996, Arnold Starr na wenzake walieleza wagonjwa 10 wa aina hii. 8 kati yao walionekana baadaye kuwa na maradhi ya neva za mwili, na kwa 3 maradhi hayo yalikuwa ya kurithi.

3.0 Athari katika Lugha

Tofauti nyingi za kifonolojia hukaa katika muda mfupi mno. Pata na bata hutenganishwa na wakati ambao nyuzi za sauti huanza kutetema. Atarudi na hatarudi hutofautiana kwa pumzi fupi tu ya h, ilhali pumzi hiyo ndiyo inayobeba ukanushi. Msikilizaji mwenye tatizo hili hutambua kwamba mtu anazungumza, lakini huenda asijue amekubaliwa au amekataliwa. Ugumu huongezeka penye kelele, kama vile darasani au sokoni.

4.0 Maana yake kwa Sera

Kipimo cha desibeli huonyesha sauti ndogo kabisa anayoisikia mtu. Hakionyeshi iwapo anatambua maneno. Vilevile, uchunguzi wa watoto wachanga unaopima mwangwi wa sikio la ndani pekee huweza kumpitisha mtoto ambaye neva yake ina kasoro. Vifaa vya kusaidia kusikia navyo hukuza sauti, lakini havirejeshi mpangilio wa wakati uliopotea.

Kwa hiyo, yanahitajika mambo matatu. Kwanza, kipimo cha mwitiko wa neva ya kusikia kiambatane na kipimo cha kutambua maneno ya Kiswahili penye kelele. Pili, shule zitumie maikrofoni zisizo na waya zinazopeleka sauti ya mwalimu moja kwa moja sikioni mwa mwanafunzi. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu istilahi zinazotenganisha upungufu wa kupokea sauti na upungufu wa kutambua usemi.

5.0 Hitimisho

Mwanafunzi anayegeuka anapoitwa, lakini akakosea maagizo, hudhaniwa kuwa mzembe. Istilahi sahihi haitamponya. Itamwezesha kuhesabiwa miongoni mwa wanaostahili huduma.