Unataka Kupiga Six? Msee, Anza na Bat
Oktoba 4, 1996, Shahid Afridi wa Pakistan aliangushia Sri Lanka mvua ya six 11 pale Nairobi Gymkhana. Alifika 100 kwa mipira 37, na rekodi ikakaa hadi 2014.

Usidhani ni misuli, manze. Inua bat nyuma kabla mpira haujakufikia. Tuliza kichwa, fuata mpira na macho, kanyaga mbele, uzito ufuate, kisha shusha bat wima.

Ukiifyeka kando kama msee wa besiboli, bat inakatiza tu njia ya mpira. Ukikosa, vijiti vinaanguka na umetoka. Ikishuka wima, inakaa kwa hiyo njia kitambo. Timing kwanza, nguvu baadaye, buda.